Kadi ya Dhahabu Niliyoitaka Mimi

Mbukwa, Nyemo wangu. Najua umelala. Nasikia pumzi zako zimetulia kule chumbani, na begi lako limesimama mlangoni kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga. Nimeitanguliza salamu ya kwetu kwa sababu asubuhi itakuwa shikamoo yako na marahaba yangu, halafu gari litapiga honi na maneno yatakuwa yamekwisha. Bora niyaandike sasa.

Mwandiko wangu unaujua. Shule sikuijua hata mlango wake. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa nimeshazaa, na mwalimu alikuwa akinicheka kwamba nashika kalamu kama nashika mwiko. Soma taratibu. Pale usipoelewa soma kwa sauti, utanisikia.

Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa, wala kusali, wala wanaume wa huko Kigali unakokwenda kuanza kazi. Wewe ni mtu mzima, ni mhasibu wa watu, na una akili kuliko ukoo mzima wa baba yako. Nakuandikia juu ya ile kadi ya ndege.

Jana tulipokuwa tunakula uliweka simu mezani, ukasema, "Bibi, kampuni ya ndege imeniandikia. Mwaka wao unakwisha. Nisipoongeza safari wananishusha kutoka dhahabu, narudi daraja la chini."

"Wakushushe, wamerogwa?"

"Ndiyo utaratibu wao, Bibi. Lakini kuna njia. Kutoka Dar kwenda Kigali ipo ndege ya kampuni nyingine inayokwenda moja kwa moja. Nikipanda ya hawa wa kadi, wananipeleka kwanza kwao huko kaskazini, nalala uwanjani, nabadilisha ndege, ndipo narudi chini Kigali. Ila pointi zinatimia, dhahabu inabaki."

"Sasa unauliza nini?"

"Nauliza kama inafaa. Nimeshikiliwa nafasi kote kuwili. Asubuhi lazima nilipie moja."

Na mimi, bila hata kumeza tonge, nikapiga meza mpaka mlenda ukaruka. "Inafaa nini! Lipia ya dhahabu! Mtu hashuki cheo kwa hiari yake!"

Ulicheka, lakini ulicheka na mdomo tu. Ukasema, "Haya Bibi, umeamua." Ukaigeuza simu ikalala kifudifudi, ukaendelea kula.

Neno hilo, umeamua, limenikalia kooni tangu jana. Nyemo, jibu lile lilikuwa baya. Nataka ujue lilitoka wapi, kwa sababu halikutoka kwenye mapenzi yangu kwako peke yake.

Unajua nilikuwa mhudumu wa ofisi. Nilifagia, nikapiga deki, na ikifika saa nne nikabeba sinia la chai. Sinia lile lilikuwa na sheria zake, na hakuna aliyekwambia, unazijua tu. Mkubwa wa ofisi kwanza, kikombe chenye kisosi. Halafu wakuu wa vitengo, vikombe vya udongo. Halafu makarani, vya plastiki. Waliokaa kwenye benchi la wageni hawakuwemo kwenye sinia kabisa. Ulikuwa mgongoni kwangu siku hizo, nimekufunga kwa kitenge, maana tangu mama yako atangulie mbele za haki sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Wanawake wengine waliogopa hata kukupakata.

Siku moja alikuja baba mmoja wa magongo. Ofisi ya mkubwa ilikuwa juu na ngazi zilikuwa za zege, hazina hata pa kushika. Akaniambia, "Mama, nisaidie kumwambia mzee kwamba nipo hapa chini, ngazi siziwezi." Nikamjibu, "Subiri, nagawa chai." Nikapita mbele yake nikipanda, nikapita nikishuka, nikapanda tena na sukari. Kila nikipita anainua uso, na mimi naangalia vikombe visimwagike. Nilipomaliza na kukumbuka kusema habari zake, mkubwa alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Yule baba akaniambia, "Haya mama, asante," akajikusanya na magongo yake akaondoka. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Na wewe ulikuwa mgongoni kwangu, Nyemo! Miguu yako ile imening'inia mbavuni kwangu, na bado nilimwambia mtu subiri.

Mtu mwingine angejifunza kuwaonea watu huruma. Mimi nilijifunza kwamba sinia linafuata cheo. Nikaapa moyoni, huyu mtoto wangu nitamtafutia cheo, hata kiwe cha nini, ili siku moja asikae kwenye lile benchi. Ndiyo maana nilikusukuma na kiti chako cha magurudumu kwenye vumbi la chuoni Chimwaga mpaka ukapata ile digrii. Hilo silijutii. Ninalojutia ni kwamba baada ya hapo sikujua kuacha kusukuma.

Ulipopata kazi ya kusafiri, kampuni ya ndege ikataka uwe na mtu wa kukusindikiza, ukanichukua mimi. Unaikumbuka ile safari ya kwanza? Tumefika, watu wote wameshuka, tumebaki mimi na wewe na wasichana wanaokusanya makaratasi chini ya viti. Mmoja akaniambia, "Bibi, mnasubiri nini?" Nikamwambia, "Tunasubiri miguu yetu, mmeiweka wapi?" Tulikaa mpaka wakaanza kuingiza chakula cha wasafiri wengine. Kile kiti chembamba cha kupitia katikati ya viti kilikuwa hakijulikani kiko kwa nani. Nilipiga kelele mpaka rubani akachungulia. Wewe uliniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, nyamaza, watatukumbuka."

Halafu zikaja kadi. Ya kwanza sikuona tofauti. Ya fedha ikaja na namba ya simu inayopokelewa na mtu badala ya muziki, na kiti cha mbele, kwa hiyo hukuburutwa tena mpaka katikati ya ndege watu wakikuangalia. Hapo nikasema moyoni, si nilijua? Sinia limeanza kusogea.

Na ya dhahabu ilipokuja ikaja na kile chumba cha kupumzikia uwanjani.

Niseme haki ya chumba kile kwanza. Kina choo kipana, mlango unafunga, kiti chako kinaingia na kinageuka. Hilo si jambo dogo. Mimi ndiye niliyekufundisha kukaa na kiu, na hili pia liko shingoni kwangu. Tangu ukiwa mdogo, tukitaka kupanda basi nilikuwa nakunyima maji kuanzia jana yake, usije ukaaibika njiani. Kwenye basi la Kondoa ilitosha. Kwenye ndege za kwenda mbali ilikupeleka hospitali na homa ya figo, na daktari akakuuliza nani alikufundisha ujinga huu, ukasema umejifunza mwenyewe. Ulinikinga. Nilikuwa nimesimama palepale pembeni ya kitanda, nimeshika chupa ya uji, na sikufungua mdomo.

Kwa hiyo siku ya kwanza tulipoingia chumbani mle, nikakuona umekunywa glasi nzima ya maji kabla ya safari, na ukaongeza nyingine, nilifurahi mpaka machozi. Hilo kadi ililifanya. Silifuti.

Lakini sasa nikuambie lile ambalo sijawahi kukuambia. Kadi ile ilikuwa inaruhusu mtu mmoja wa kuingia na wewe, na huyo mtu nilikuwa mimi. Mimi niliyebeba sinia maisha yangu yote, nikaketi kwenye kochi la ngozi, akaja kijana amevaa tai akainama, "Mama, nikuletee chai au juisi?" Nyemo, alileta chai kwenye kikombe chenye kisosi! Nilikishika kile kisosi nikakigeuza kuangalia chini yake kama ni cha kweli. Wewe ulikuwa unafanya kazi kwenye kompyuta, hukuniona.

Kuanzia siku ile nikaanza kuipenda kadi kuliko safari. Nikaanza kukuuliza, "Mwezi huu huna safari?" Ulidhani nakuuliza kwa sababu ya kazi yako. Hapa Nzuguni nikawa siongei kingine. Nikirudi, kina mama wa jumuiya wanakuja kunipa pole ya safari, na mimi naanza: sisi wa dhahabu tunaingia kwanza, sisi wa dhahabu tunaitwa kwa jina.

Rafiki yangu Sechelela ndiye aliyenikata, na unamjua mdomo wake. Tulikuwa tunachambua mchele wa msiba, akasema mbele ya watu, "Hivi wewe Bibi Nyemo, dhahabu hiyo ni ya nani? Miguu unayo miwili, mizima, tena yenye magaga. Huko ndani umeingia na miguu ya mtoto."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, nikamrushia pumba. Sikuzungumza naye mwezi mzima, nikasema ana wivu. Lakini hakukosea hata neno moja.

Sasa tufike kwenye lile gumu, ambalo wewe na mimi tumelizunguka mwaka mzima kama watu wanaozunguka shimo.

Siku walipokivunja kiti chako ulikuwa na dhahabu. Kadi iko mkononi. Tulikaa viti vya mbele, tuliitwa kwa jina, tukashushwa, na kiti kikaletwa kimepinda gurudumu kama chapati iliyokunjwa. Kiti kile kilipimwa kwa mgongo wako. Si kiti cha mtu mwingine. Wakakuweka kwenye kiti cha uwanja, kile chenye magurudumu madogo ambacho huwezi kujisukuma mwenyewe, mpaka akusukume mtu. Ukageuka mzigo palepale nikikuangalia.

Yule dada wa kaunta akatabasamu, akasema, "Tunasikitika sana. Kwa kuwa wewe ni mteja wetu wa dhahabu, tunakuongezea pointi."

Na mimi, bibi yako, nikauliza, "Ngapi?"

Niliuliza ngapi, Nyemo. Mtu amekuvunjia miguu, na mimi nauliza amekuongezea pointi ngapi. Uligeuza shingo ukaniangalia. Uso ule ninauona mpaka leo nikifumba macho.

Ukasema, "Dada, mimi sitaki pointi. Nataka uandike kwamba mmekivunja, na mnitengenezee." Nilikuwa nimelea mtu anayejua kudai chake, na badala ya kusimama nyuma yako nikakuinamia sikioni, "Usiwaudhi hawa. Watakunyang'anya kadi."

Ukanyamaza. Ulininyamazia mimi, si wao. Ukasaini karatasi yao, tukaondoka, na ukakaa wiki kadhaa kwenye kiti cha kuazima ambacho si cha mwili wako, mpaka nyonga ikatoka kidonda. Nilikuwa nakiosha kila asubuhi. Kila nikifungua bendeji najua nani amekileta, na nakuuliza, "Inauma?" na wewe unasema, "Kidogo tu, Bibi." Halafu unaniuliza kama nimekunywa chai.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukuomba radhi. Sikuomba. Nilikupikia, nikakusuka nywele, nikakununulia kitenge kizuri. Nilikufanyia kila kitu isipokuwa hicho.

Sasa nimekaa hapa nalifikiria swali lako, nalifikiria kweli, si kama jana. Nikajiuliza, kadi ile imewahi kumgusa nani? Wale vijana wanaokubeba kukutoa kwenye kiti chako kukupeleka kwenye kile chembamba, wanaokushika kwapani na chini ya magoti, hawajawahi kuiona. Hao ni watu wa uwanja, si wa kampuni. Wanaopakia mizigo kule chini hawajui kama kiti hiki ni cha dhahabu au cha bati. Gari la kukuinua mpaka mlango wa ndege huja kwa sababu dereva wake yupo kazini au haji kwa sababu amekwenda kula. Kadi inasogeza sinia tu, na wewe hujawahi kukwama kwenye sinia. Umekwama kwenye ngazi.

Na hayo ya kubebwa, na ya kupakiwa kiti chako bila kulipia, wewe mwenyewe uliniambia si zawadi ya kadi. Ni haki ya kila mtu asiyetembea, hata aliyekata tiketi yake ya kwanza jana na hana kadi yoyote. Ulinisomea kwenye simu, nikakujibu, "Sawa, lakini ukiwa mkubwa watafanya haraka." Nilikuwa nakufundisha kuomba kwa cheo kitu ambacho ni chako.

Fikiria basi njia ile ndefu niliyokuamulia. Hapo katikati watakutoa kwenye ndege na watakuingiza kwenye nyingine. Mikono ya watu usiowajua mara mbili zaidi, kiti chako kinaingia mikononi mwa wapakiaji mara mbili zaidi, na usiku mzima umekaa kwa nyonga ile ambayo haijasahau. Kisha uniambie umepata nini. Umepata ruhusa ya kufanya hivyohivyo tena mwakani.

Sikwambii kadi ni mbaya. Kama kazi yako mpya itakurusha huku na huku kwa safari ambazo ungeenda hata bila kadi, na dhahabu ikaja yenyewe, ichukue bila aibu. Ingia kwenye kile chumba, tumia kile choo, kunywa maji yao mpaka yaishe. Piga ile simu inayopokelewa na mtu. Lakini usiongeze hata safari moja kwa ajili yake. Na siku ukiona unameza neno lako kaunta kwa kuogopa wasikushushe, ujue kadi imeacha kukutumikia. Ikate kwa mkasi.

Labda utasema Bibi amegeuka kama kinyonga, jana panda, leo shuka. Sema tu. Sikuamulii tena. Nafasi zote mbili ziko kwako mpaka asubuhi, na ukilipia ile ndefu kwa sababu zako mwenyewe, za kazi au za mwili wako unaoujua kuliko mimi, nitakaa kimya, nami kukaa kimya unajua kunavyonigharimu. Ninachofanya ni kuondoa mkono wangu. Lile jibu la jana halikuwa la Nyemo. Lilikuwa la mwanamke aliyetaka kuletewa chai.

Na sitaki uninyamazie tena kama pale kaunta. Ukisoma hapa na ukaona hasira inakupanda, njoo uniseme. Nigongee mlango hata kama sijaamka. Nikikujibu kwa ukali, jua ni kawaida yangu, endelea kusema.

Kwa lile la kiti, na la maji, na la kidonda, nisamehe, mwanangu. Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine na kulikata, kwa hiyo ukiona herufi zake zimekaa sawa kuliko nyingine, ujue nimezifanyia mazoezi.

Asubuhi nitakusindikiza uwanja wa hapa kwetu, upande ya kwenda Dar. Safari hii unasafiri peke yako, maana siku hizi hawalazimishi tena msindikizaji; mimi sina tiketi, wala huko mbele hakuna tena wa kukuinamia sikioni. Pale mlangoni wanapozuia watu, nitasimama nje kwenye jua pamoja na wasindikizaji wengine. Askari akiniuliza nimekuja na nani, sitamwambia habari za dhahabu wala za fedha. Nitamwonyesha kwa kidole unavyojisukuma kwenda zako, nimwambie ni yule pale, nimemleta mwenyewe, jina lake Nyemo.

Ni mimi bibi yako, ambaye mgongo wake bado unakumbuka uzito wako.